Benchi la Alhamisi

Jumatatu, 3 Juni 2024

Avelina ameletwa kwetu! Ndiye mkuu wa zahanati, hapa hapa kijijini, hatua mia nne kutoka mlangoni kwangu, na ufunguo wa kabati la dawa unaning'inia shingoni mwake. Nimeuona kwa macho yangu.

Haya, daftari, sasa nikusalimu. Mimi ni Ephrasia, mama yake huyo. Nilimaliza darasa la saba kata ya Mbuji, mwandiko mzuri, mwalimu mwenyewe alikuwa anauonyesha kwa wenzangu. Avelina amenipa kaunta buku hii niandike kila siku kama nimemeza dawa ya presha. Nimemeza. Lakini kurasa ni nyingi na mistari imenyooka vizuri, siwezi kuandika "nimemeza, nimemeza" mpaka Krismasi kama kasuku.

Wanawake wa hapa wamezaa mabinti wengi, sisemi kitu. Mimi nimezaa muuguzi. Wakati diwani anamtambulisha nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Baba yake hakuja. Mume wangu Tadei alikuwa kitandani saa nne asubuhi, kahawa imeiva nyekundu inadondoka yenyewe, yeye kajifunika blanketi mpaka usoni. Nikamwambia, "Baba Avelina, mwanao anakabidhiwa zahanati." Akasema, "Nimesikia." Basi. Blanketi nililifua Jumamosi, leo linanuka tena. Tangu masika yuko hivyo. Haogi mpaka nimsukume, hasemi mpaka nimuulize. Naona kinyaa, Mungu anisamehe, na ni mume wangu wa ndoa.

Jumanne, 4 Juni

Nimemeza. Ukungu mpaka saa tano. Debe tatu za kahawa, peke yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemeza. Baridi inauma vidole. Debe mbili. Yeye yuko ndani.

Jumatatu, 10 Juni

Leo kliniki ya presha. Kuna mpango mpya, na mwanangu ndiye anayeuendesha pamoja na tabibu William, kijana wa Lituhi kule ziwani. Zamani mwenye matatizo ya akili alipelekwa mbali, au alifungwa ndani kwa kamba na ndugu zake. Sasa mtu akija kwa presha, kwa sukari, kwa mimba, hata kwa jipu la kwapani, anaulizwa pia habari za moyo wake. Kuna karatasi ya maswali tisa. Unalala? Unakula? Umekosa hamu ya kazi? Unajiona huna maana? Unajibu, anaandika, na kama unahitaji dawa au mazungumzo unapata pale pale, kwa mtu yule yule aliyekupima mkono.

Jirani yangu Getrude alitoka chumbani ameshika kiuno. "Mama Avelina, mwanao ananiuliza kama nalala! Kwani anataka kunioa?"

"Akuoe wewe na mkoromo huo?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi niliyajibu yote tisa kwa sauti ya kusikika mpaka nje: nalala vizuri, nakula vizuri, najiona nina maana sana.

Tadei nilimvuta kwa mkono tukaenda naye. Presha yake iko juu. Aliingia kwa Avelina akatoka upesi kuliko watu wote. Nikajua basi, kichwani hana tatizo, ni uvivu wa uzee. Nikapata hasira zaidi.

Jumatano, 26 Juni

Nimerudi kutoka mkutano wa kamati ya zahanati na nimenawa mikono mara mbili, maana naona kama nimeshika uchafu.

Vitalis, mwenyekiti wa kamati, alisimama na koti lake la shughuli. Akasema wananchi wanalalamika. Akasema mtu mwenye akili zake timamu hawezi kukaa benchi moja na vichaa, wajawazito watashtuka, watoto wataiga. Kwa hiyo kamati imeona wagonjwa wa akili wawe na siku yao, Alhamisi, na mlango wao, ule wa nyuma kwenye stoo ya vyandarua, na benchi lao.

Avelina akasema, "Mwenyekiti, nia ya mpango ni wachanganyike na wengine. Ukiwatenga hawatakuja."

"Mwanangu, wewe ni mgeni kazini. Nenda taratibu."

Mgeni! Mtoto aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwake! Nilitaka kusema, lakini watu walikuwa wameshapiga makofi. Walipiga makofi kweli, daftari, wanaume wazima waliokomunika kanisani Jumapili.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekwenda kuliona hilo benchi. Ni ubao wa jeneza uliobaki, umepigiliwa juu ya miguu miwili, mmoja mfupi. Upande wa kushoto stoo, upande wa kulia choo cha shimo, nzi wa kijani, harufu inakupiga kofi. Na mbele ni wazi. Wageni hawajui nchi yetu ilivyo: zahanati iko bondeni, mashamba yamepanda milima pande zote, na msimu huu kila mtu yuko mlimani anachuma. Ukikaa pale unaonekana na watu mia mbili, mpaka rangi ya kandambili zako.

Hakuja mtu hata mmoja. William alikaa mlangoni na karatasi zake mpaka saa nane.

Alhamisi, 11 Julai

Nimemeza. Hakuja mtu.

Alhamisi, 18 Julai

Alikuja mama mmoja wa kitongoji cha juu, na kijana wake anayesikia sauti. Watu mlimani wakaanza kupiga miluzi. Mama akamshika kijana mkono, wakaondoka kabla ya kuitwa. Getrude naye alipiga mluzi. Nilimwona. Jioni alikuja kuomba chumvi, nikampa, lakini sikumkaribisha kukaa.

Jumatano, 24 Julai

Habari njema kwa mara ya kwanza msimu huu! Tadei ameamka mwenyewe, amevaa viatu. Alimwita Othmar, mtoto wa kaka yake, wakazunguka mipaka yote ya shamba, jiwe kwa jiwe. Akamwonyesha mche upi ni wa zamani, shimo lipi la ngoro ya kulimia linabomoka mvua ikizidi. Alirudi ametulia, uso umelainika. Akala ugali wote.

Nimemeza. Na nimeimba wakati wa kumenya kahawa.

Jumapili, 28 Julai

Baada ya misa niliwaambia kina mama kwenye ngazi za kanisa: mume wangu ni mtu wa mpango. Amempa Othmar msumeno wake wa kukatia mikahawa, ule aliokuwa hamwachii mtu hata aushike. Ameniambia bati zilizobaki ziko wapi na funguo za sanduku ziko wapi. Ameniomba nifue suti ya harusi. Wangapi wana waume wa namna hiyo? Wengine wanakufa hujui hata jembe wameliacha wapi.

Wote walisema, kweli Tadei ana busara. Niliringa mpaka nyumbani.

Jumanne, 6 Agosti

Nimemeza. Upepo umeangusha kichanja, kahawa imeoga mavumbi. Nimeianua na kuipembua upya, mgongo unalia.

Jumatatu, 12 Agosti

Sijui nianzie wapi. Mwandiko wangu leo mbaya.

Asubuhi nilikwenda kliniki ya presha. Kabla ya kupima huwa kuna somo kwa foleni nzima. Leo alifundisha William. Alianza kwa utani wake, maana sisi wa mlimani na wao wa ziwani ni watani, hatuachani: "Ninyi wala mahindi, nisikilizeni mimi mla samaki, leo sina mzaha." Akasema kuna ugonjwa unaitwa sonona. Mtu anachoka bila kazi, anajifungia, haogi, watu wanasema mvivu. Nikajikuna. Kisha akasema, "Na mkiona mtu wa hivyo ghafla ametulia, anagawa vitu vyake alivyovipenda, anaonyesha mipaka, anaaga kwa njia ya pembeni, msimsifu. Mleteni siku hiyo hiyo, mbio."

Kina mama wale wa ngazi za kanisa wakageuka kuniangalia. Wote kwa pamoja. Getrude alifunga mdomo kwa kiganja.

Niliacha kadi, niliacha kandambili moja, nilipanda mlima. Miaka hamsini na sita na presha, nikapanda bila kupumzika.

Nyumbani hayupo. Kwenye mikahawa hayupo. Nilimkuta shamba la juu, ameketi ukingoni mwa shimo la ngoro, miguu ndani, mikono mitupu. Nilikaa ukingo wa pili. Nilikuwa sina pumzi ya kuzunguka na maneno.

"Baba Avelina, unataka kufa?"

"Nani kakwambia?"

"Msumeno wako."

Akaangalia chini. "Kutaka sitaki," akasema. "Nimechoka tu kubaki."

"Tangu lini?"

"Tangu masika. Kila siku naamka na uchovu huo. Nilisema nimalizie kuonyesha mipaka, msije mkagombana."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo. Ulikuwa unafua blanketi."

Sijawahi kupigwa na mwanamume huyu hata siku moja, lakini hapo nilipigwa. Miezi yote hii mimi nilikuwa nanusa tu. Nilinusa, nikakunja pua, nikafua. Kile kinyaa nilichokuwa nacho kwake kikanigeukia mimi mwenyewe, nikatema mate chini, na mate yenyewe machungu.

Nikamwambia, "Simama twende nyumbani. Leo sikuachi hata ukienda chooni." Akasimama. Alikuwa mwepesi kama mtoto aliyechelewa kuitwa. Tulipofika nilikusanya chupa zote za dawa ya kupulizia kahawa, nikazipeleka kwa Getrude, nikamwambia azifungie na asiniulize. Hakuuliza. Alizichukua kwa mikono miwili.

Jumanne, 13 Agosti

Sijalala. Nimemeza.

Saa moja asubuhi Avelina na William walikuja, maana usiku niliwatumia ujumbe kwa simu ya Getrude. Avelina alisalimia, "Shikamoo baba," akapiga magoti, halafu akabaki ameinamisha kichwa. William ndiye aliyevuta kigoda.

"Shikamoo mzee. Nimetumwa kutoka ziwani kuhakikisha kama ni kweli Mmatengo wa mlimani anaweza kuchoka kulima."

Mdomo wa Tadei ulicheza upande mmoja. "Mla usipa wewe."

"Usipa ni samaki mdogo lakini ana kichwa, mzee, na kichwa kina habari. Cha kwako kina habari gani?"

Wakaongea, mimi nikasogea. William akaniambia nilifanya sawa kumuuliza, na sawa kuondoa zile chupa, asiachwe peke yake, na aje zahanati apimwe vizuri, aanze matibabu, awe anarudi kila wiki.

Tadei akasikia. "Nije siku gani?"

William akaangalia viatu vyake, maana jibu lilikuwa Alhamisi.

"Mimi sikai kwenye lile benchi," akasema Tadei. "Nimezaa mkuu wa zahanati. Watu wa mlima mzima wanipigie miluzi mbele ya mwanangu? Bora nibaki hapa hapa."

Na akiamua kubaki hapa hapa, daftari, najua sasa maana yake ni nini.

Baadaye nilimfuata Avelina jikoni. "Mwezi wa sita alikuja kwako. Karatasi yake ya maswali iko wapi?" Akaitoa kwenye mkoba, alikuwa ameibeba. Maswali tisa. Majibu tisa: hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Mwandiko wake Avelina, mzuri kama wangu.

"Alijibu hivi?"

"Sikumuuliza, mama."

"Ulijaza mwenyewe?"

"Ningeanzaje? Swali la tisa linauliza kama amewaza kufa. Nimwangalie baba machoni nimuulize kama anataka kufa? Hapa kwetu? Nilimpima mkono tu, nikasema, baba yangu yuko sawa, nikajaza."

Alilia. Nilitaka kumzaba kofi. Mwanangu, wa kujivunia, aliwauliza wanaume wote wa kijiji hiki akamruka mmoja, akaandika uongo mara tisa. Lakini adabu ile nani alimfundisha? Binti hamhoji baba yake. Chakula anampelekea kwa magoti, macho chini. Mimi nilimfundisha, na nikamsifia kwa majirani. Nilimfuta machozi na khanga iliyokuwa na masizi, akatoka uso umekuwa kama sufuria.

"Umekosa," nikamwambia. "Kesho andika karatasi mpya, William ndiye amuulize. Na lile benchi niachie mimi."

Alhamisi, 15 Agosti, Kupalizwa Bikira Maria

Nimemwacha Tadei chini ya macho ya Othmar, nikaenda misa na gauni langu la kitenge cha bluu, kilemba, viatu vya kisigino. Baada ya misa watu wote wanashuka njia ya zahanati. Mimi nilipita nyuma, nikalikung'uta lile benchi, nikakaa.

Harufu! Nzi walinitua puani. Mguu mfupi wa benchi ulikuwa unanirusha kila nikipumua. Niliketi wima kama niko kwenye picha.

Miluzi ikaanza, halafu ikakatika, maana walinijua.

Vitalis akaja mbio na koti. "Mama Avelina, umekosea mlango. Presha ni mbele, Jumatatu."

"Sijakosea. Leo ni Alhamisi."

"Hili ni la wale… wale."

"Wale nani? Sema, mwenyekiti, watu wanasikia."

"Unajidhalilisha, mama. Na binti yako anakutazama."

"Najinusisha, Vitalis. Nanusa ulichowapangia wenzako. Kaa na wewe unuse, nafasi ipo. Mume wangu mgonjwa. Hajawa kichaa, wala hajawa mvivu, ni mgonjwa kama mwenye malaria, na hatafika kwenye dawa kwa sababu ya ubao wako huu na pua zenu. Akifa, utakuja kutoa rambirambi na koti hilo hilo. Nitakufukuza."

Nilisema kwa sauti ya vigelegele. Mlima ulisikia mpaka kwenye migomba ya mwisho.

Getrude akajitenga na wenzake. Nilidhani anakuja kunicheka. Akakaa, benchi likainuka upande wangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi silali, mama Avelina. Mwaka wa nne huu, tangu mwanangu azame ziwani. Siku ile mwanao aliponiuliza nilitoka nje nikafanya mzaha."

Tulikaa wawili. Hakuna wa tatu aliyekuja, sitaandika uongo. Watu walisimama, wakatazama, wengine wakaenda zao kula sikukuu. Lakini Vitalis alibanwa na haja, na choo ni kile kile kimoja, na njia inapita mbele ya magoti yetu. Alipita mara ya kwanza akainamisha kichwa. Alipotoka nikamsalimia kwa jina lake kamili. Akaitikia.

William alituita mmoja mmoja. Akaniuliza maswali tisa. Safari hii nilijibu kwa sauti ya chini, na majibu mengine yalikuwa ndiyo.

Ijumaa, 16 Agosti

Avelina amelibeba lile benchi na msumari umemchana kidole. Hakuomba kikao. Amelipeleka mbele, chini ya baraza, kwenye foleni ya watu wote, na ameweka kipande cha tofali kwenye mguu mfupi. Mlango wa stoo ameufunga. Kamati ikiuliza, ameniambia, atajibu yeye, sio mimi. Amesema kwa ukali. Nikafurahi na nikaumia.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemeza. Tadei ameenda.

Alivaa shati la kijani, hakutaka suti, na mimi suti sitaki hata kuiona. Alikaa katikati ya mzee mwenye sukari na mama mwenye mimba ya mapacha. Hakuna aliyeshtuka, hata mapacha. Wawili watatu walisogeza makalio kidogo. Niliwatazama wakarudi.

Aliingia kwa William. Avelina alibaki dirishani anahesabu vidonge, alihesabu kopo moja mara tatu. Tadei alikaa ndani mpaka foleni ikaanza kuguna, akatoka macho mekundu. Avelina akampa dawa dirishani kwa mikono miwili, akamwambia, "Baba, hizi hazifanyi kazi leo wala kesho. Wiki mbili, tatu. Usiziache." Halafu akainua uso akamwangalia machoni. Sijawahi kumwona akifanya hivyo maisha yake yote. Tadei naye alimwangalia. Akasema, "Sawa, daktari."

Jumatano, 28 Agosti

Hajambo, hajafa, hasemi. Amelala mchana wote. Blanketi linanuka. Nimekaa kando yake nikachambua kahawa mbovu.

Jumanne, 3 Septemba

Usiku alilia, mchana akanitukana kwa sababu ya uji. Nikaenda kulalamika kwa William, akacheka: "Mama, mtu aliyechoka kabisa hana nguvu za kugombania uji."

Alhamisi, 12 Septemba

Nimemeza, amemeza. Amechuma nusu debe, za mwisho mwisho. Vitalis amemleta dada yake kliniki, kwa presha, anasema, na leo si Jumatatu. Hakutaka kukutana na macho yangu. Bado namwonea kinyaa kidogo. Kitaisha chenyewe au kisiishe.

Jumapili, 22 Septemba

Jua kali, milima imeungua nyasi. Kahawa imekwisha mtini.

Tadei ameoga bila kuambiwa, akaketi barazani, akaniita kwa jina langu. "Ephrasia. Niitie watu wangu."

"Watu gani?"

"Wote. Nataka sengu."

Sengu ni mambo ya wazee wetu. Kila mke wa ukoo anapika kwake, anabeba chungu, mnakula pamoja kwa mkubwa wa ukoo, na mwenye neno analitoa mbele ya wote, halitoki nje bila kutatuliwa. Siku hizi kila mtu anakula kwake na kufunga mlango.

"Utasema nini?" nikamuuliza, roho iko mkononi.

"Nitasema nilikotaka kwenda. Othmar ana haki ya kujua alikuwa anaonyeshwa nini. Na ndugu zangu nao waulizane, maana baba yetu pia alijifungia ndani mwaka mzima kabla ya kufa, na hatukuuliza." Akafunga kifungo cha shati. "Avelina asikae jikoni na wanawake. Akae mbele yangu, na karatasi yake. Aniulize yeye, yote tisa, wakisikia."

Nikasema ataogopa.

"Mimi pia," akasema.

Nimeshatuma ujumbe kwa simu ya Getrude mpaka kwa shangazi zake Avelina wa Liuli, kule ziwani, na Othmar anapita nyumba kwa nyumba. Waje na vyungu vyao, wa mlimani na wa ziwani, walioniamkia na walionipigia miluzi: Jumapili ijayo, tarehe 29 Septemba, baada ya misa ya kwanza.